Fundi Aliyechagua Magari kwa Sikio

Tulimwita Fundi, basi. Pale Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri, mafundi wamejaa na kila mmoja ana jina lake la utani, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamsema yule mzee mrefu wa kofia ya kijivu, aliyekuwa akikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa na kuegemezwa ukutani, miguu kainyoosha kama yuko barazani kwake. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, mjini alifikaje, sijui vizuri na sitajifanya najua. Kwao ni kusini, hilo alilisema mara mojamoja akitafuna korosho. Ninachokijua ni kwamba kwa miaka mingi alituchagulia magari, mimi na nusu ya walimu wenzangu, na kwamba masikio yake yalipoanza kufa mimi nilijua kabla yake, nikanyamaza. Nayaandika haya kwa sababu ya huko kunyamaza. Nimejaribu kukisahau kitu hiki, nimeshindwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Shule yangu ipo Kibaha, nyumba yetu ipo Ilala, hatua chache kutoka soko la Mchikichini, na mama yangu mzazi hahami pale hata umbebe kwa machela. Kuna wanaonishauri nihamie Kibaha nimwache. Hao wana mama zao, wawaache wa kwao. Kwa hiyo kila siku ya kazi ni mimi na Barabara ya Morogoro, alfajiri naenda, jioni narudi. Darasani nina watoto themanini na kitu, wote wanaongea kwa mpigo. Nikitoka pale kichwa kinavuma na mgongo unauma, na kilichokuwa kikinimaliza kabisa ni gari la kwanza nililonunua kwa akili yangu mwenyewe: jekundu, zuri, rimu zinang'aa, na ndani ni kelele tupu kuanzia Magomeni mpaka Maili Moja. Nikifika nyumbani mama ananisemesha, mimi natamani kulia. Mwalimu mwenzangu wa jiografia ndiye aliyenionea huruma akanipeleka kwa Fundi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Unataka gari la kwenda wapi?"

Nikamwambia nataka gari dogo, lisilokula mafuta, milango mitano, na kama inawezekana liwe la kibao cha namba D, maana siku zile namba D ndiyo ilikuwa habari ya mjini.

"Sikukuuliza gari gani. Nimekuuliza la kwenda wapi."

"Kibaha, Fundi. Kwenda na kurudi, kila siku."

"Unafanya kazi gani huko Kibaha?"

"Nafundisha."

Akatema ganda la korosho. "Basi, Mwalimu, kelele unazo za kutosha. Hatukutafutii nyingine. Na hiyo habari ya namba uiache hapahapa. Kibao unakisoma ukiwa nje. Ukishakaa ndani hukioni."

Tangu siku hiyo nikawa Mwalimu kwake, na yeye akawa Fundi kwangu, na sijui kama aliwahi kulijua jina langu.

Alikuwa na utaratibu wake wa kuchagua gari, na mtu asiyeuweza alimwambia aende kwa wengine, mafundi wako tele. Kwanza kiti, injini baadaye. Anakuingiza kwenye gari, anafunga milango, anapandisha vioo, halafu anaondoka zake kwenda kunywa kahawa. Wewe unakaa tu. Hakuna ufunguo, hakuna redio. Akirudi akikukuta unajigeuzageuza kutafuta pa kuegemeza kiuno, anakwambia shuka, hili si lako. Siku moja alimfungia hivyo mama mmoja mnene, muuza kanga wa jumla wa Kariakoo, akanogewa na stori kahawani. Aliporudi alimkuta mama wa watu kalala fofofo, mdomo wazi, jasho linamtiririka. Fundi akagonga kioo. "Mama, amka. Umepata gari lako." Yule mama alikitumia kigari hicho miaka na miaka, na kila akipita Gerezani alimletea Fundi kikoi au shuka.

Baada ya kiti ni matairi. Hakupenda rimu kubwa zenye matairi membamba wanazozipenda vijana. Alisema hizo ni za kupigia picha, kila shimo linapanda mpaka kwenye meno. Alitaka rimu ndogo na mpira mnene. Baada ya matairi ni raba za milango. Alikuwa anachukua kipande cha gazeti la jana, anakibana kwenye mlango, anakivuta. Kikichomoka kirahisi, anajua upepo utaingia hapo ukifika mwendo wa themanini, na wewe wa Kibaha utasikiliza mluzi mwaka mzima. Nimewahi kumwona akizunguka kigari kimoja na gazeti lake mlango kwa mlango, mpaka mwenye gari akakasirika akamuuliza kama anapima gari au anasoma habari.

Mwisho kabisa ndipo barabara. Tulikuwa tunatoka Gerezani pole pole na foleni, yeye kakaa mbele kushoto, anapiga soga mpaka Ubungo. Tukishapita Kimara, pale barabara ilipotanuka, anainua mkono. Hapo ni vioo juu, kiyoyozi zima, redio zima, mwendo themanini, na hakuna mtu kufungua mdomo mpaka Mbezi. Anafumba macho, kichwa kakiinamisha kidogo upande wa dirisha, na kila akisikia kitu ananyanyua kidole. Madalali walikuwa wanateseka. Dalali wa magari unamwambiaje anyamaze kutoka Kimara mpaka Mbezi? Mmoja alikuwa anajibana midomo kwa vidole ili asiongee. Tukifika Mbezi Fundi anafumbua macho na kuanza kusoma vidole vyake: mlango wa nyuma kulia unapitisha upepo, shokapu ya mbele kushoto imechoka, kuna kitu kimelegea chini ya kiti cha nyuma, pengine jeki. Tunasimama, tunafungua, kweli ni jeki.

Kigari changu cha kwanza kutoka kwake tulikitafuta Jumamosi saba. Alikataa sita. Mimi nilishakata tamaa, mama naye ananiuliza kama natafuta gari au natafuta mume. Jumamosi ya saba tukafika Mbezi Fundi hajanyanyua hata kidole. Alifumbua macho akasema, "Mwalimu, hapa utapumzika." Nami nilipumzika kweli. Kile kigari cha rangi ya fedha kilinibeba miaka tisa, na ile saa nzima ya kurudi nyumbani ikawa yangu. Nilisali humo. Baba alipofariki, nyumbani kumejaa watu na mimi ndiye mkubwa, nililia humo, kati ya Kibamba na Kimara, mpaka nikatosheka, nikafika nyumbani nina uso wa kupokea wageni. Kwa hiyo mtu akiniuliza yule mzee alinifanyia nini, siwezi kumwambia kwamba alinichagulia gari tu.

Usidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha kuudhi. Kwanza, mtu aliyehubiri kimya kiasi kile yeye mwenyewe alikuwa hanyamazi, anaongea tangu asubuhi, anakatiza watu, anaimba vibaya. Hakuwa na gari. Alikuwa anatoka Buguruni kwa miguu, anarudi kwa miguu, na nilipomuuliza mbona hajichagulii na yeye moja, alicheka. "Mganga hajigangi, Mwalimu." Hakuchukua kitu kutoka kwa muuzaji, madalali walijaribu wakachoka, lakini umri wake alikuwa anadanganya waziwazi, kila mwaka ana sitini na mbili. Na alipenda kututania sisi Wachaga. Ikifika Desemba ananiambia, "Gari la Kibaha usilipeleke Moshi, litazoea milima, likirudi litaringa."

Na hakupenda kukosolewa. Kuna mteja mmoja aliwahi kumwambia mbele ya watu kwamba mvumo alioutaja si wa giaboksi, ni wa matairi. Ikathibitika ni matairi kweli. Fundi hakumsemesha yule bwana mwezi mzima, akipita anageuza uso ukutani. Halafu siku moja akamwita akampa korosho, yakaisha. Nimekuja kulifikiria sana jambo hili. Kununa kwa mwezi mmoja. Ndicho nilichokuwa nakiogopa, eti mwezi mmoja wa kununiwa.

Kigari cha rangi ya fedha kilipozeeka nilirudi kwake. Hiyo ni kama miaka miwili iliyopita. Nilimkuta kwenye kiti chake, kapungua kidogo, lakini soga ni zilezile. Tulipata kigari cheupe, kizuri, kiti kilinikubali, gazeti lilibanwa na milango yote. Dalali alikuwa kijana mchangamfu, kakaa nyuma. "Sista, ndinga imenyooka hii, ukikaa hutaki kushuka," aliniambia mpaka Fundi akainua mkono pale Kimara. Tukanyamaza. Nikafika sitini, sabini. Kwenye sabini nikasikia mvumo. Ulikuwa mzito, wa chini, unatoka nyuma kushoto, mithili ya mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Kwenye themanini ulikuwa umejaa gari zima. Nikamtazama Fundi. Kafumba macho, kichwa kakiinamisha, mkono umetulia juu ya goti. Hakuna kidole hata kimoja.

Nikatazama kioo. Dalali alikuwa ananitazama. Na yeye alikuwa amesikia. Akainamisha macho akajifanya anatafuta kitu kwenye simu.

Tukafika Mbezi. Fundi akafumbua macho akatabasamu. Nililijua tabasamu lile.

"Umesikia, Mwalimu?"

"Nini, Fundi?"

"Kimya. Hilo ndilo gari."

Ilikuwa ni kusema tu. Fundi, mbona mimi nasikia kama kitu nyuma kushoto? Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini kulikuwa na dalali nyuma, na yule ni mzee wa makamo ya baba yangu, na mimi nimelelewa kwamba mkubwa humkosoi mbele ya mdogo. Nilijiambia nitamwambia tukiwa wawili. Nikasema, "Ndiyo, Fundi, kimya kabisa." Nikalinunua.

Jumatatu yake nikalipeleka kwa fundi mwingine Buguruni, kwa kujificha kama mtu anayekwenda kwa mganga. Yule aliinua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa mkono, akaniambia beringi imekwisha. Ni kazi ndogo, akaibadilisha nikiwa nimekaa kwenye benchi. Halafu akaniuliza nani alinichagulia gari. Nikamwambia. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

"Wewe ni wa tatu, dada."

"Wa tatu nini?"

"Wa tatu kuja hapa na mvumo, kachaguliwa gari na mzee. Yule ndiye aliyenifundisha kazi. Milio ya juu bado anaisikia, mluzi wa upepo anausikia vizuri. Ni hii mizito. Hii haimfikii tena."

"Umemwambia?"

"Nikamwambie nini? Baba, masikio yako yamekwisha? Mimi, kwa mdomo huu huu alioulisha?" Akatikisa kichwa. "Nyie leteni tu hapa. Nitakuwa narekebisha. Asijue."

Na mimi, mtu mzima, mwalimu, niliona ni jambo zuri. Niliona ni upendo. Nilirudi shuleni nikamweleza mwenzangu wa jiografia, tukakubaliana tutaendelea kuwapeleka watu kwa Fundi kama kawaida, wakishanunua tunawapitisha Buguruni. Ikawa ndio mtindo wetu. Mtu anakwenda Gerezani, anafungiwa garini, anapelekwa Kimara, anasifiwa kimya, anashukuru, halafu anakuja Buguruni kubadilishiwa beringi. Hakuna aliyelalamika. Tulipeana habari hizo kwa kunong'ona, tunacheka kidogo, kicheko cha huruma. Tuliita heshima. Nami nilikuwa wa kwanza kumsifia mwenyewe, kila nikipita. "Gari lako, Fundi, nasahau kama limewaka." Anafurahi, anawaambia wenzake mwacheni Mwalimu aongee, anajua.

Hicho ndicho kinachonichoma. Siyo kwamba nilinyamaza siku moja. Nilinyamaza mwaka, na nusu ya mwaka mwingine, na kila nikipita naongeza sifa.

Maana dalili zilikuwepo. Zamani adhana ya adhuhuri ikianza tu, hata stori iwe tamu vipi, Fundi alikuwa wa kwanza kusimama. Baadaye nikamwona anasubiri wenzake wasimame ndipo na yeye asimame. Nikajiambia magoti yamechoka. Akaanza kuweka pamba sikioni. Siku moja nilikaa karibu naye nikasikia harufu, na ile pamba ilikuwa ya njano.

"Fundi, sikio lina nini?"

"Maji ya kuoga tu, Mwalimu. Yanatoka yenyewe."

"Haya," nikasema.

Haya. Mtoto wa kidato cha kwanza akija darasani kwangu na pamba sikioni, siku hiyohiyo namwandikia mzazi wake barua, na asipompeleka hospitali nampigia simu mpaka anichukie. Nimefanya hivyo mara nyingi, watoto wengi wamepona. Kwa yule mzee nilisema haya, nikamuuliza bei ya korosho.

Aliyekuja kuyafumua yote hakuwa na heshima zetu. Alikuwa kijana wa ofisini Posta, shati limenyooka, alinunua gari kwa kuchaguliwa na Fundi na hakuna aliyemwambia habari ya Buguruni. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kubadilisha raba za waipa. Kijana alifika kwa hasira akasimama mbele ya kile kiti.

"Mzee, umenichagulia gari linanguruma kama trekta. Njia nzima linanguruma. Wewe hukusikia? Au ni kiziwi unawafanyia watu kazi ya masikio?"

Nyundo zilisimama. Fundi alimtazama kijana usoni, halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Kijana anasema nini?" akauliza.

Tulikuwa watu kumi na zaidi pale. Hakuna aliyejibu. Mimi niliangalia waipa zilizo mkononi mwangu. Ni yule dalali, yule yule wa siku yangu, aliyejikohoza akasogea karibu yake.

"Anasema asante, Fundi. Gari zuri."

Na Fundi akamnyooshea kijana mkono. "Karibu tena, mwanangu. Ukiwa na rafiki, mlete."

Kijana akaupokea mkono. Nilimwona hasira inavyomtoka, akabaki ameduwaa. Akasema asante kweli, kwa sauti ndogo, akaondoka bila kugeuka. Lakini Fundi hakuwa mjinga. Uso wa kijana alikuwa ameuona. Alikaa pale na tabasamu likamwisha pole pole, na mchana ule wote hakusema neno, yeye aliyekuwa hanyamazi. Juma lililofuata hakuja. Na lililofuata tena. Kile kiti kikabaki pale ukutani, watu wanakizunguka bila kukikalia.

Habari za hospitali nilizipata kwa binti yake, mwanamke mpole anayeuza vitumbua Buguruni. Alisema ni usaha wa siku nyingi, ulikuwa umekula ndani taratibu. Kwanza unachukua sauti nzito, baadaye zote. Sikio la kushoto limekwenda, la kulia limebaki na kipande. Halafu akaniambia, bila lawama yoyote kwa sababu hakujua anamwambia nani, kwamba daktari aliuliza mbona wamechelewa vile. Wangekuja miaka miwili nyuma, alisema, hata mwaka mmoja na nusu, masikio yote mawili yangepona. "Lakini tungejuaje, dada? Mwenyewe alikuwa hasemi, na wateja wake walikuwa wanamsifia kila siku."

Nilikaa miezi nisiende kumwona. Nilisingizia mitihani, nikasingizia mama. Ukweli nilikuwa naogopa. Halafu Jumapili moja baada ya misa, mwezi uliopita, nikashika njia ya Buguruni.

Wanaishi kwenye nyumba ya wapangaji, vyumba vimezunguka uwanja, bomba katikati, kina mama wanafua, mwingine anakaanga samaki. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Amekonda. Nilimwamkia, akaitikia kwa kuona midomo yangu, "Marahaba, Mwalimu," kwa sauti ndogo mno. Yule mzee wa makelele siku hizi anaongea chini kama mgonjwa wa koo. Binti yake akanionyesha niongee upande wa kulia, karibu kabisa, kisha akarudi kwenye beseni lake.

Aliniuliza mama hajambo, nikaitikia kwa kichwa kwamba hajambo. Akaniuliza shule. Akaipakata mikono. Halafu akasema, "Nawauliza wote wanaokuja kunisalimu. Nawauliza, siku tuliyojaribu gari lako, lilikuwa linalia? Wote wananiambia hapana, Fundi, lilikuwa safi. Yule mwenzako wa jiografia kaapa kabisa." Alitabasamu kidogo, si kwa furaha. "Nataka kujua nilianza lini kutosikia. Kuna watu niliwaambia wanunue, Mwalimu. Wanapakia watoto. Nikijua nilianza lini nitajua niwatafute kina nani, niwaambie wakakague magurudumu. Lakini hakuna anayeniambia."

Alinitazama machoni.

"La kwako lilikuwa linalia?"

Kutikisa kichwa kwamba hapana kulikuwa rahisi. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha.

"Lilikuwa linalia," nikasema.

"Eh?"

Nikainama kwenye sikio la kulia. "Lilikuwa linalia, Fundi."

"Sema kwa nguvu, mwanangu. Hili nalo halijiwezi."

Basi nikapaza. Nikatoa sauti yangu ya darasani, ile ya watoto themanini. "Lilikuwa linalia. Nyuma kushoto. Nilisikia tangu Kimara. Nilisikia, Fundi, nikanyamaza."

Uwanja mzima uligeuka. Aliyekuwa bombani alifunga maji. Binti yake alinyanyuka na nguo mkononi, inamchuruzikia miguuni, na nikaona anaanza kuelewa. Mimi niliyeogopa kumwaibisha mbele ya dalali mmoja, nilikuwa nimemtangazia nyumba nzima. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Nilisubiri anigeuzie uso ukutani. Hakugeuza. Alitikisa kichwa pole pole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu kurudi nyuma, miaka miwili, watu wote wale.

Halafu akaweka mkono wake juu ya wangu akasema, kwa ile sauti yake ndogo, "Siku ile ungeniambia kwa sauti ya kawaida tu, ningekusikia."